Sijambo ya Breki

Mwanangu alijua kusema sijambo kabla hajajua kujivalisha suruali. Hilo nililisimamia mwenyewe. Alikuwa bado ananifika magotini, nami kila tukiamka nashika kikombe chake cha chai juu, namuuliza, "Hujambo, baba?" Asipojibu, kikombe hakishuki. Akijibu huku anaangalia chini, hakishuki. Mpaka asimame wima, aniangalie usoni, aseme, "Sijambo, mama," hapo ndipo anapewa chai yake. Wapangaji wenzangu wa uwani walikuwa wananicheka. Walisema dobi analea mtoto kama anayenyoosha shati. Nikawaambia ndiyo, na wa kwenu tazameni walivyojaa mikunjo.

Nimeamua kuandika habari zake mwenyewe kwa sababu kuna watu wameshaziandika, na wameziandika vibaya. Mimi kuandika nimejifunzia ukubwani, kwa hiyo nitakwenda polepole, lakini nitafika.

Jina lake la kuzaliwa analo, ila siku hizi hakuna anayelikumbuka. Wote wanamwita Breki. Alilipata jeshini, maana alikuwa dereva wa malori, na wenzake walikuwa wanasema Breki anaweza kusimamisha lori lililojaa, na pipa la maji lililo nyuma lisimwage hata tone. Alikuja na jina hilo likizo ya kwanza, nikalikataa. Likizo ya pili nikajikuta nimelitamka mwenyewe mbele za watu. Jina la utani ni kama doa la chai, ukilichelewesha halitoki.

Jeshini alikwenda kwa mapenzi yake. Akija likizo, ile sare nilikuwa simwachii mtu. Nilikuwa naifua peke yake kwenye beseni lake, naitia wanga mwepesi, naianika kivulini isipauke, kisha naipiga pasi ya mkaa ikiwa bado ina unyevu. Kwanza ukosi, halafu mabega, mikono, mgongo, na kifua mwisho, maana kifua ndicho watu wanachokiona. Akiivaa akatoka, mtaa unanyamaza. Na hapo hapo utamsikia anaamkia. Shikamoo huku, shikamoo kule, habari za mtoto, habari za mguu wako uliokuwa unauma. Kutoka mlangoni kwetu mpaka kisimani ilikuwa safari, kwa sababu hakumpita mtu.

Siku ile walikuwa wanapeleka maji na unga kwa wenzao walioko mpakani. Lori la mbele lilipita salama. Lake likakanyaga bomu lililofukiwa. Yeye alirushwa nje pamoja na mlango wake. Waliokuwa wamepanda nyuma hawakurudi hata mmoja.

Alipoletwa kutoka hospitali ya jeshi, alishuka garini kwa miguu yake miwili. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Nilimshika mikono, nikampapasa mgongo, masikio, vidole, kila kitu kilikuwepo. Akasimama wima mbele yangu. "Shikamoo, mama." Nikaitika marahaba. "Hujambo, baba?" "Sijambo, mama." Nikasema haya, hata vita havikumwondolea adabu.

Sasa kilichoondoka tulikuja kukijua kidogo kidogo. Ukimpa chakula anakishika, anasahau ni cha kufanyia nini. Pikipiki ikipiga kelele nje, yuko chini ya kitanda. Mkono wa kulia unatetemeka kama wa mzee kuliko mimi. Anaanguka, tena anaanguka vibaya, povu linamtoka, nami namwekea kanga chini ya kichwa asijipige sakafuni. Akizinduka anajikung'uta, ananiomba radhi kwa kuchafua.

Mkewe alivumilia, halafu akamchukua mtoto wao akarudi kwao. Simlaumu, wala simsamehe.

Kazi tulijaribu. Mwenye gereji ya pale mtaani alimpenda tangu zamani, akasema mlete, hata kama ni kuingiza na kutoa magari tu. Breki akaingia kwenye gari la kwanza, akashika usukani, akakanyaga breki. Basi. Hakuwasha, hakugeuka, hakuondoa mguu. Mafundi mwanzoni walicheka, "Breki imeshika! Breki imeshika!" Baadaye hawakucheka tena. Jioni niliitwa mimi kwenda kumwondoa mguu kwa mikono yangu, kidole baada ya kidole, kama unavyombandua mtoto kwenye titi. Jasho limemlowesha shati lote. Nilimkuta anasema kitu kimoja tu chini kwa chini, "Bado, bado, bado."

Nikampeleka nyumbani, nikamfulia lile shati.

Na kila asubuhi alikuwa na kazi yake ambayo hakuna aliyempa. Analikunja blanketi lake kijeshi, pembe juu ya pembe, mpaka linakuwa kama tofali. Anavaa kofia yake ya jeshi. Anakaa kizingitini, blanketi liko mapajani, anatazama barabara.

"Mama, gari bado?"

"Bado, baba."

"Leo wamechelewa."

"Foleni."

Yeye alikuwa anajua yuko likizo. Sikumwambia vinginevyo. Mtu akiwa na kitu kimoja tu cha kusubiri, utamnyang'anya umpe nini?

Pembeni ya ukuta wetu anakaa fundi viatu mmoja, naye askari wa zamani, tunamwita Koplo. Ana mguu mmoja wa nyama na mmoja wa mti. Ni mtu wa maneno mengi, lakini viatu vyangu anashona bila kuniibia. Siku moja namwaga maji ya suuza, akaniita.

"Mama Breki, huyu mtoto ana haki yake kule jeshini."

"Haki gani?"

"Malipo ya ulemavu. Askari akiumia kazini, akawa hawezi tena kufanya kazi, wanamlipa kila mwezi mpaka anakufa. Na hospitali yao inamtibu."

"Mwanangu si kilema. Kilema ni wewe."

Akacheka, akaugonga ule mguu wa mti kwa nyundo yake. "Mguu wangu mimi ulikuwa na akili, bi mkubwa. Uliondoka mchana kweupe, kila mtu akauona unaondoka. Kichwa cha Breki kimeondoka kikaacha fuvu mlangoni kama bawabu. Mpita njia atajuaje kwamba mwenye nyumba hayupo?"

"Mimi siombi. Sikuomba nilipofiwa na mume, sitaomba leo."

"Nani kakwambia uombe? Hiyo ni kudai. Anayeomba anainama, anayedai anagonga meza. Na tena mficha uchi hazai, unajua wewe."

Nilimwacha na misumari yake mdomoni, nikarudi kwenye beseni. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Nilikuwa nakamua shuka, na vidole vikakataa kufunga. Nikajaribu tena, vikakataa. Nikaitundika shuka inachuruzika maji kama ya mfuaji mwanafunzi. Nikamtazama mwanangu pale kizingitini na kofia yake. Nikajiuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa: mimi nikifa, ni nani atakayemwambia Breki kwamba hiki ni chakula, fungua mdomo? Ni nani atakayeweka kanga chini ya kile kichwa?

Basi tukadai.

Siku ya kuitwa mbele ya bodi ya madaktari nilimvalisha kama bwana harusi. Shati jeupe, suruali yenye mstari, viatu Koplo alivipiga rangi mpaka vikang'aa. Koplo mwenyewe alinikataza. "Mama Breki, mpeleke alivyo! Mpeleke na shati la jana, hajanyoa. Wale wanatazama kwa macho."

"Mtoto wa dobi atoke na shati la jana? Wewe umerogwa."

Kule tulikaa kwenye benchi refu, ukumbini, ukuta umepakwa rangi ya kijani mpaka nusu. Wenzetu walikuwa na magongo, bandeji, mikono ya mashati imekunjwa na kubanwa kwa pini. Breki akaanza na wa kwanza mpaka wa mwisho, "Shikamoo, mzee. Habari, ndugu yangu. Poleni na kusubiri." Mmoja asiye na mikono akamwangalia toka juu mpaka chini. "Na wewe, bwana, unadai nini? Urembo?" Ukumbi wote ukacheka. Breki naye akacheka, maana aliona watu wanafurahi.

Karani akatuita. Ndani walikuwa watatu nyuma ya meza, wa katikati ni daktari mzee mwenye miwani, mtu wa watu, unamwona. Mimi nikaambiwa nikae kwenye kiti cha mlangoni na nisimjibie. "Bodi inamsikiliza mdai mwenyewe," karani alisema. Sawa.

Breki alisimama wima. "Shikamoo, afande."

"Marahaba, kijana. Hujambo?"

"Sijambo, afande."

"Habari za nyumbani?"

"Njema, afande."

"Habari za kazi?"

"Nzuri, afande. Sijui wewe."

Daktari akatabasamu. "Na mimi nzuri." Huku kalamu yake inatembea. Wakamwambia inua mikono, akainua. Tembea mpaka dirishani, akatembea. Mkono wa kulia siku ile haukutetemeka sana, sijui kwa nini, mwili nao una fitina zake. Wakamshukuru. Mimi pale mlangoni kifua kilikuwa kimenijaa. Nilikuwa nasema moyoni, waone, waone mtoto aliyelelewa.

Barua ilipokuja niliisoma mwenyewe, sikumpa Koplo. Nilikwenda neno kwa neno kwa kidole. Ilisema mdai amehojiwa, akasema kwamba hajambo, nyumbani kwake ni kwema, na kazi zake zinakwenda vizuri. Viungo vyote vinafanya kazi. Madai yamekataliwa.

Nilirudia nikidhani nimesoma vibaya. Hapana. Ni maneno yake yale yale. Walimwamkia, akaitikia, wakamfunga nayo.

Koplo alipoambiwa hakucheka. Alitoa msumari mdomoni. "Hata mimi nilipolala hospitali, mguu umeshatupwa, nilikuwa nawajibu wauguzi sijambo."

"Kila mtu!" nikasema. "Hata mwenye msiba ndani ukimuuliza habari anasema nzuri, ndipo akwambie kafiwa. Sasa hawa wamezaliwa wapi?"

Kesho yake nilijifunga kanga kiunoni nikaenda peke yangu. Nilisimama dirishani kwa karani, kijana mwenye macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Macho hayo vipi?"

"Ah, mama, acha tu. Sijalala. Jino."

"Basi mbona umeniambia hujambo?"

Alinitazama, akaanza kucheka, akalishika shavu maana jino lilimkumbusha. "Mama, ile ni salamu."

"Haya. Hiyo hiyo iandike kwenye faili la mwanangu. Andika kwamba ile ilikuwa salamu."

Kicheko kikamwishia. Alikuwa kijana mwema, simsemi vibaya. Aliinama karibu na dirisha, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi napokea tu, siandiki. Unaweza kukata rufaa, na nitakusaidia kuiwasilisha. Lakini bodi ni ile ile, na inaandika anachosema mdai. Asemalo ndilo linaloingia. Mwambie aseme ukweli."

"Ukweli gani? Mwenyewe haujui."

"Basi mfundishe."

Nilirudi kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nalitafuta neno. Mgonjwa? Neno hilo atalisahau. Kilema? Hapana, wakati mimi niko hai. Nikaliona neno lenyewe karibu na nyumbani. Ni neno la wazee, fupi, hata yeye litamkaa. Siwezi. Zamani mtu ukimuuliza hujambo, kama anaumwa, alijibu siwezi, na yamekwisha.

Asubuhi yake nikachemsha chai. Alikuwa ameshakunja blanketi, yuko kizingitini. Nikasimama mbele yake na kikombe.

"Hujambo, baba?"

Akasimama wima. "Sijambo, mama." Akanyoosha mkono.

Nikakiinua kikombe juu. "Hapana. Sema siwezi."

Alinitazama kama niliyemwambia anitukane. "Mama, mkubwa akikuuliza, unajibu sijambo."

Maneno yangu hayo. Yametoka kinywani mwake na sauti yangu ndani yake.

"Najua nilisema hivyo. Sasa nasema hivi. Hujambo, baba?"

"Sijambo, mama."

Chai ikapoa juu kule. Siku hiyo nilimpa bila kusema, maana mkono uliniuma. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Koplo alikuwa anaona yote kutoka kwenye kibanda chake, mpaka ikamshinda.

"Mama Breki, mwache mtoto anywe chai."

"Si wewe uliyeniambia mficha uchi hazai? Nafunua. Shona viatu."

Alikuwa anakaribia. Anafungua mdomo, "Si... si..." halafu mazoea yanamshinda, "sijambo." Na akishasema anakunja uso kwa huzuni kwa kuwa ameniudhi. Siku moja aligeuka. Akatazama barabara, akatazama lile blanketi lake. Akaniuliza taratibu, kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima:

"Mama, nikisema siwezi, gari litaniacha?"

Ningeweza kumwambia halitakuacha. Ningeweza kumwambia foleni. Lakini nilishachoka kusema foleni, na nikaogopa kwamba nikimdanganya hilo atalikataa lile neno siku yenyewe.

"Litakuacha, baba," nikasema. "Lakini mimi nitabaki."

Alifikiri. Sijui kama alifikiri, uso wake siku hizi hausomeki vizuri, lakini alikaa vile. Halafu akasimama wima, akaniangalia usoni.

"Siwezi, mama."

Nikampa chai. Nikaenda nyuma ya shuka zilizoanikwa nikakaa pale mpaka zikakauka.

Siku ya rufaa Koplo alikuja tena na maneno yake ya shati la jana. Nikamwambia neno nimelitoa, shati silitoi. Nilinyoosha lile lile jeupe, ukosi, mabega, mikono, mgongo, kifua. Kofia yake ya jeshi aliivaa mwenyewe. Kama mwanangu atasema siwezi, atasema akiwa amenyooka.

Benchi lile lile, ukuta wa kijani ule ule. Yule asiye na mikono hakuwepo. Karani alitufungulia mlango.

Nikakaa kwenye kiti cha mlangoni, nikauma upindo wa kanga.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, kijana." Ni daktari yule yule. "Hujambo?"

Breki aligeuza shingo akanitafuta. Sikumtikisia kichwa, nilikatazwa. Nilimtazama tu. Akarudisha uso mbele.

"Siwezi, afande."

Kalamu ya daktari ikasimama. Akavua miwani. Na hapo akauliza swali ambalo sikumfundisha mwanangu, kwa sababu sikulifikiria.

"Huwezi nini, mwanangu?"

Nilijua tumekwisha. Nilimpa neno moja tu, na neno moja halina ndugu. Nikaona mkono wa kulia unaanza kutetemeka, halafu bega, halafu shati lote ninaloliona kwa nyuma. Aliutazama mguu wake wa kulia, pale chini, ulivyoikandamiza sakafu.

"Kuondoa mguu, afande," akasema. "Nimekanyaga breki. Wale wa nyuma bado hawajashuka."

Daktari aliiweka kalamu mezani.

"Nawasubiri washuke," akasema. "Hawashuki." Kisha akaivua kofia yake, akaiweka juu ya meza, mbele ya daktari, polepole kama unavyoweka yai. "Gari liende tu, afande. Lisinisubiri. Mimi siwezi."

Na akaanza kulia. Tangu arudi alikuwa hajalia. Alilia amesimama wima, mikono ubavuni, kama alivyofundishwa, na hakuna aliyemwambia legeza.

Mimi nilisimama. Karani hakunizuia. Nilimshika kiuno kwa nyuma kama nilivyokuwa nambeba, ila sasa kichwa changu ndicho kilichofika mgongoni kwake.

Wakati tunatoka daktari alitufuata mpaka mlangoni. "Mama, mbona mara ya kwanza hakusema haya?"

"Mara ya kwanza ulimwamkia."

"Hata leo nimemwamkia."

"Leo nilikuwa nimemfundisha kukosa adabu," nikasema, nikampita.

Madai yalikubaliwa. Malipo yanakuja, hospitali anatibiwa, dawa za kuanguka anazipata na anaanguka mara chache. Kuna muuguzi anayekuja kumtazama, mwanamke mpole, naye amesema hata mimi nikiondoka hawatamwacha. Nilichokitaka nimekipata chote. Simdai mtu.

Lakini blanketi halikunji tena. Linabaki kitandani vile alivyolitupa, na mimi silikunji, kwa sababu si la kwangu. Kizingitini hakai. Anakaa ndani, ameupa mlango mgongo. Kofia walituletea baadaye, imo kwenye kasha, aliiona akasema, "Ni ya nani?" Barabara haimhusu tena. Gari limekwenda.

Na asubuhi nachemsha chai. Nasimama mbele yake, nakishika kikombe chini kabisa, karibu na mkono wake, asije akadhani namnyima.

"Hujambo, baba?"

"Siwezi, mama."

"Sema sijambo, baba. Sasa imekwisha. Sasa unaweza kusema."

"Siwezi, mama."

Nampa chai. Kila siku nampa, na kila siku namuuliza tena. Koplo ananiambia niache, kwamba najiumiza bure, mti ukishakauka haukunjiki. Namjibu yeye ashone viatu. Nilimfundisha sijambo akiwa ananifika magotini, na halikuingia kwa siku moja. Watu wengine wa uwani wanasema nilimharibu mtoto kwa mikono yangu kwa ajili ya malipo. Wanaosema hivyo waje walale naye siku moja tu, wamwekee kanga chini ya kichwa, halafu wanifundishe.

Zamani walikuwa wananiuliza habari za Breki. Siku hizi, nikipita na beseni langu, wanauliza, "Habari za mgonjwa?"

Naliweka beseni chini. Nasimama wima, namtazama usoni aliyeuliza.

"Hajambo," namwambia. "Hajambo kabisa."

Waandike wanavyotaka.